Chaki, Jalada na Kiti cha Mkuu

"Madam kapanda." Maneno hayo yakisemwa katika ofisi ya walimu ya shule yoyote kati ya Kisongo na Kikatiti, swali linafuata papo hapo: kapanda nini? Huenda kapanda daraja, barua imetoka na mshahara wa mwezi ujao utasomeka tofauti. Huenda kapewa madaraka, na Jumatatu anaripoti shule nyingine akiwa mwalimu mkuu. Watu wa Arusha kwa utani wao wataongeza kwamba labda kapanda Meru na vijana wa skauti. Kuna jambo moja ambalo neno hilo halisemi kamwe: kwamba mwalimu huyo sasa anafundisha vizuri kuliko alivyokuwa akifundisha miaka 5 iliyopita. Hilo halina barua, halina hafla, na wanaolijua ni watoto wake na mwalimu wa darasa la jirani anayemsikia kupitia ukuta.

Malalamiko ya kawaida ni kwamba mwalimu hana nafasi za kukua. Mimi naona nafasi zipo, na kwa ukanda huu wa Arusha na Meru zipo nyingi kuliko mikoa mingi. Kinachokosekana ni makutano. Daraja hupandwa kwa miaka na barua. Madaraka hutolewa kwa uteuzi. Umahiri hujengwa kimyakimya, darasani na kwenye vikao ambavyo walimu huitana wenyewe. Njia hizi tatu zinapita shule ileile bila kusalimiana, na mwalimu anaweza kufika mbali kwenye moja huku nyingine mbili hazina habari naye.

Tuanze na daraja, maana ndilo linalozungumzwa zaidi wakati wa chai. Kwa mwalimu wa serikali, daraja liko mikononi mwa Tume ya Utumishi wa Walimu, TSC, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2015 na kuanza kazi 2016 kuchukua nafasi ya iliyokuwa Idara ya Utumishi wa Walimu. Tume humthibitisha mwalimu kazini, humpandisha na kushughulikia nidhamu yake. Shule yenyewe iko chini ya halmashauri na TAMISEMI, ilhali sera na mitaala ni vya Wizara ya Elimu. Kwa hiyo mwalimu wa Nkoaranga ana wakubwa wa aina tatu, na shauri lake likikwama ndipo anapojua tofauti zao: huku anaambiwa faili lipo kule, kule anaambiwa majina yalishapelekwa.

Ngazi ya mshahara inaanzia kwenye cheti alichoingia nacho. Mwenye cheti cha ualimu huanza TGTS B, mwenye stashahada C, mwenye shahada D, kisha herufi zinasonga kadiri miaka inavyokwenda. Ndivyo ilivyoandikwa. Katikati ya mwaka 2016 upandishaji ulisimamishwa ili kupisha uhakiki wa watumishi hewa na vyeti vya kughushi, ukarejea kwa kusuasua, na ni kuanzia 2021 ambapo barua zilianza kutoka kwa wingi tena. Waliokwama katika miaka ile walipewa neno jipya, "mserereko", yaani kurekebishiwa daraja ili wawafikie wenzao walioajiriwa nao. Neno lenyewe lina kichekesho chake, kwa kuwa kuserereka katika Kiswahili cha kawaida ni kuteleza kwenda chini. Lakini walimu wamelizoea, na ukisikia mtu anaulizwa "wewe wa mserereko au wa kawaida?" ujue hapo pana historia ya miaka kadhaa ya subira na malimbikizo.

Lipo kundi jingine ambalo kisa chake hunishangaza zaidi: waliojiendeleza kwa fedha zao. Mwalimu mwenye cheti anajiandikisha Chuo Kikuu Huria, anasoma usiku, anafanya mitihani katika kituo cha mkoa, na baada ya miaka mitano au sita anapata shahada. Kuanzia hapo anahitaji kubadilishiwa muundo, atoke safu ya wenye cheti aingie safu ya wenye shahada. Ombi hilo lina foleni yake, na bajeti yake, na mara nyingine likikubaliwa linamkuta tayari amepanda katika safu ya zamani hadi herufi ileile au ya juu kuliko ile anayotakiwa kuanzia. Mshahara haushuki, hubaki kama mshahara binafsi, ila miaka ya ukongwe wake katika safu mpya inahesabiwa upya. Ameelimika zaidi na amekuwa mgeni zaidi. Nimewahi kumsikia mmoja akiwaambia vijana wa ajira mpya, bila hasira yoyote, kwamba yeye na wao ni "wanafunzi wa darasa moja".

Upimaji nao umebadilika. Fomu za OPRAS, ambazo wengi walizijaza mara moja na kuzinakili mwaka hadi mwaka, zimeachwa na sasa kuna PEPMIS, mfumo wa kielektroniki ambao mtumishi huweka malengo yake na msimamizi wake humpa alama. Wazo ni zuri. Ila ukimtazama mwalimu wa Ngarenanyuki akitafuta mtandao nyuma ya jengo, simu juu kama anayepiga picha ndege, akijaza kwamba leo amesahihisha madaftari 60, utajiuliza ni nani aliye upande wa pili atakayejua kama yale madaftari yalisahihishwa kwa alama ya vema tu au kwa maelezo yanayomwonyesha mtoto alipokosea. Mfumo unahesabu kilichofanyika. Namna kilivyofanyika hauna macho ya kuiona, na hata fomu za karatasi hazikuwa nayo.

Madaraka ni habari nyingine, na hapa ndipo penye mambo.

Ndani ya shule ya kawaida kuna ngazi nyingi za uongozi kuliko anavyodhani mzazi anayekuja siku ya kikao. Yuko mwalimu wa zamu, anayeshika shule nzima kwa wiki moja, tangu kengele ya asubuhi hadi kitabu cha zamu kifungwe jioni. Yuko mwalimu wa darasa, mkuu wa idara, mwalimu wa nidhamu, mlezi wa wanafunzi, mwalimu wa michezo anayewapeleka watoto UMITASHUMTA au UMISSETA na kurudi na sauti imekauka. Yuko makamu. Na yuko mtaaluma, ambaye kwa maoni yangu ndiye injini ya shule za nchi hii. Mtaaluma ndiye anayepanga ratiba ili mwalimu mmoja wa Fizikia atoshe mikondo minne, ndiye anayekusanya mitihani ya mwezi, ndiye anayekesha na usajili wa watahiniwa wa NECTA, na ndiye anayeulizwa matokeo yakishuka. Kwa kazi hiyo hapati posho ya madaraka. Posho hiyo, iliyoanza kulipwa pamoja na mpango wa elimu bila ada mwaka 2016, ni ya wenye viti: shilingi 200,000 kwa mwezi kwa mwalimu mkuu wa msingi, 250,000 kwa mkuu wa shule ya sekondari, na 250,000 kwa afisa elimu kata. Chini ya hapo ni heshima, na kupunguziwa vipindi kama wenzako wana moyo.

Kwa hiyo kila mwalimu mwenye uwezo anaona mlango mmoja tu wenye taa, nao ni mlango wa kutokea darasani. Mkuu wa shule hubaki na vipindi vichache, vingine akavikosa kwa sababu ameitwa Usa River kwenye kikao. Afisa elimu kata hana darasa kabisa, ana pikipiki na shule za kuzizungukia. Ngazi iliyokusudiwa kumtuza mwalimu bora inamwondoa mbele ya ubao, na watoto wa Darasa la Tatu ndio wanaolipia tuzo hiyo.

Na uteuzi wenyewe unakujaje? Mara nyingi kwa kukaimu. Mkuu anahamishwa au anastaafu, makamu anaambiwa "shika hapo kwa muda", na muda huo unaweza kupita mihula. Anayekaimu anasaini hundi, anapokea wageni, anajibu kuhusu madawati, lakini barua yake inasema kaimu na posho inaweza isije. Mafunzo ya uongozi huja baadaye. Taasisi yenye dhamana hiyo kitaifa ni ADEM, Wakala wa Maendeleo ya Uongozi wa Elimu, ulioko Bagamoyo ukiwa na matawi Mwanza na Mbeya. Hutoa stashahada ya uongozi na utawala wa elimu, na nyingine ya udhibiti ubora wa shule, pamoja na kozi fupi kwa walioteuliwa. Ukitazama ramani utaona Kanda ya Kaskazini haina tawi. Mwalimu wa Meru anayetaka kujiandaa kabla ya kuteuliwa anasafiri zaidi ya kilomita 500, kwa nauli yake na ruhusa ya mwajiri, kusomea kazi ambayo hajaahidiwa. Wengi hawaendi. Wanangoja barua, kisha wanajifunza hesabu za fedha za shule kwa kuogopa mkaguzi.

Kujifunza uongozi kwa kuachiwa si jambo geni katika miteremko hii. Misheni ya Kilutheri ilikuja Meru ikapata msiba mwaka 1896, wamisionari Ovir na Segebrock walipouawa Akeri, ikarudi miaka michache baadaye na kujenga shule pamoja na makanisa. Wamisionari Wajerumani walipofukuzwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza, waliobaki na funguo walikuwa walimu na wainjilisti wenyeji, ambao kwa kawaida walikuwa watu walewale. Hawakuwa wameandaliwa kushika shule; walizishika. Hali hiyo ikajirudia katika vita ya pili. Naitaja historia hii kwa sababu mara nyingi husimuliwa kama ushahidi kwamba mwalimu mzuri akiachiwa ataweza tu. Ndiyo, waliweza. Lakini wale walikuwa wamefundishwa kwa kukaa miaka karibu na aliyeongoza, wakimwona akiamua. Kaimu wa leo mara nyingi hajawahi hata kuuona mpango wa bajeti ya shule aliyofundisha kwa miaka kumi, kwa sababu ulikuwa kabatini kwa mkuu.

Wanawake wana shida yao ya ziada. Ingia ofisi ya walimu ya shule ya msingi ya mjini, Kaloleni au Sekei au Kimandolu, na uhesabu vitenge na suti: wanawake ndio wengi. Kisha tazama meza ya kikao cha wakuu. Tofauti hiyo haitokani na kukosa uwezo. Uteuzi kwa kawaida huja pamoja na uhamisho, na mama mwenye watoto wadogo na mume anayefanya kazi mjini akipelekwa Oldonyo Sambu au upande wa Leguruki anapiga hesabu ambayo mwalimu mwenzake wa kiume haulizwi. Wapo wanaoikataa barua kimyakimya, kwa kumwomba afisa elimu asiitoe. Takwimu ya waliokataa haipo popote, kwa hiyo huhesabiwa kama hawakutaka.

Juu ya yote, kiti chenyewe kinateleza. Matokeo ya Darasa la Saba au Kidato cha Nne yakishuka, kauli ya kuwavua madaraka wakuu husikika haraka kutoka kwa viongozi wa wilaya na mikoa. Aliyevuliwa anarudi darasani. Angalia tunavyolisema: "amerudishwa darasani", kama adhabu. Tumeyafanya maneno yale yanayotaja kazi yetu kuu yawe jina la kushushwa cheo.

Sasa niingie darasani, kwenye ile njia ya tatu.

Shule moja ya msingi juu ya Tengeru, Alhamisi, saa nane na nusu mchana. Walimu saba wamekaa kwenye viti vya wanafunzi, magoti juu, dirisha linatazama migomba na migrevilea. Ni kikao cha jumuiya ya kujifunza, sehemu ya MEWAKA, Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, mpango ambao unataka walimu wa shule moja wakutane mara kwa mara kujadili ufundishaji wao wenyewe badala ya kungoja semina. Mwezeshaji ni mwenzao, hana cheo kingine chochote. Kijana wa ajira mpya ameweka mezani madaftari ya Darasa la Tatu. Swali lilikuwa 52 kutoa 27. Zaidi ya nusu ya darasa wameandika 35.

"Hawajui kukopa," anasema mmoja. "Nimefundisha kukopa wiki mbili."

Mama mmoja mtu mzima, miaka yake ya kustaafu inahesabika, anavuta daftari karibu. "Mwanangu, hawa hawajakosea kukopa. Hawajakopa kabisa. Angalia: mbili na saba, wamechukua kubwa wakatoa ndogo. Saba toa mbili, tano. Tano toa mbili, tatu. Thelathini na tano. Wote wamekosea kwa njia moja, ina maana wana sheria yao."

"Sheria gani, mama?"

"Kwamba ndogo haitoi kubwa. Na sisi ndio tuliowaambia, Darasa la Pili tunawaambia hivyo."

Kicheko, kisha kimya cha watu wanaojikumbuka. Wakatoa mfuko wa visoda. Hamsini vikawa mafungu matano ya kumi kumi yaliyofungwa kwa raba, viwili vikabaki peke yake, na kijana akaambiwa atoe saba kwa mkono. Hakuweza mpaka alipofungua fungu moja. "Basi kesho wafungue wao kabla hujawaandikia chochote ubaoni," mama akasema, akakunja daftari, akaomba chai.

Dakika arobaini. Sijaona semina ya hoteli iliyofanya kazi hiyo. Na katika dakika hizo mtu aliyeongoza, kwa maana yote ya neno kuongoza, ni mwalimu wa cheti ambaye safu yake imefika ukomo, hana madaraka, na jioni hiyo aliandikwa kwenye kitabu cha mahudhurio kama mshiriki namba 4.

MEWAKA ni jambo jema kuliko yote yaliyofanywa kwa mwalimu wa kawaida kwa muda mrefu. Vituo vya walimu vya miongo iliyopita, ambavyo vingine vilikuwa vimegeuka maghala, vimeanza kupewa vifaa tena kupitia mradi wa BOOST, na Taasisi ya Elimu Tanzania imeweka masomo ya walimu mtandaoni. Mtaala mpya ulipoanza Januari 2024 kwa madarasa ya awali, la kwanza na la tatu, shule zilizokuwa na vikao hai zilipata mahali pa kuuliza maswali ambayo mafunzo ya siku chache hayakujibu. Inafaa pia kukumbuka kwamba miradi mikubwa ya Uingereza, EQUIP-T na kisha Shule Bora, ilielekezwa mikoa mingine, Arusha haikuwamo. Mkoa huu huonekana kujiweza, una watalii, una mashirika. Yapo kweli, na yanatoa mafunzo mengi: ya kompyuta, ya Kiingereza, ya ushauri nasaha, ya mazingira. Mwalimu wa Maji ya Chai anaweza kuwa na vyeti 12 vya mashirika kwenye bahasha moja. Mwombe aonyeshe ni kipi kati ya hivyo kimeingia kwenye jalada lake kikahesabika.

Ziko nafasi nyingine za kukua ambazo hazitangazwi kama nafasi. Kubwa ni kusahihisha mitihani ya NECTA. Watu wanaizungumza kwa posho, na posho ni kweli inatengeneza paa la nyumba. Lakini mwalimu wa Historia aliyesoma majibu ya mamia ya watahiniwa kutoka nchi nzima, akakaa na wenzake kubishana jibu gani lipewe alama mbili na lipi tatu, anarudi akijua mtihani kwa namna ambayo kitabu hakimfundishi. Shule yenye busara humweka mwalimu huyo mbele ya wenzake Januari aeleze alichokiona, bila kuvunja siri ya mitihani. Zipo shule ambazo humpokea kwa swali moja: umeleta nini?

Ukitafuta njia ya utaalamu inayotambulika rasmi, ipo moja, nayo iko hapahapa: Chuo cha Ualimu Patandi, Tengeru, kinachoandaa walimu wa elimu maalumu. Aliyetoka Patandi anajua breli, au lugha ya alama, au namna ya kumfundisha mtoto mwenye ulemavu wa akili, na anaporudi shuleni hakuna anayemuuliza kwa nini hajawa mkuu. Amebobea, na kubobea kwake kunatosha kumpa heshima. Najiuliza kwa nini mwalimu wa kusoma na kuandika wa Darasa la Kwanza, kazi ngumu kuliko zote shuleni, hana Patandi yake.

Jiografia nayo inaamua mengi. Barabara ya Arusha–Moshi ni kama uzi uliotungwa shanga: Tengeru, Makumira, Usa River, vyuo vikuu vya Kilutheri na Kiadventista, Taasisi ya Nelson Mandela, kituo cha mafunzo cha Wadenmark. Mwalimu aliye karibu na lami anamaliza vipindi saa tisa na saa kumi yuko darasani mwenyewe. Wa Ngarenanyuki, aliye upande mkavu wa mlima, barabara yake inapita ndani ya hifadhi, twiga wanamtazama, na usiku hakuna gari. Wawili hao wana mwajiri mmoja na fomu moja ya malengo. Ndiyo maana maombi ya uhamisho kutoka kule hayaishi, na wanaolaumu walimu kwa "kukimbia mazingira magumu" wasisahau kwamba wengine wanakikimbilia chuo.

Shule binafsi ni ulimwengu mwingine, na Arusha imejaa. Huko hakuna TSC wala herufi za TGTS. Kuna mkataba, NSSF, na mwenye shule. Uzuri wake ni kwamba kijana wa miaka 28 anayefanya vizuri anaweza kuwa mkuu wa idara mwaka wa pili, jambo ambalo serikalini lingemchukua muda mrefu. Ubaya ni kwamba anaweza kuvuliwa kwa ujumbe wa simu wakati wa likizo. Katika nyingi ya shule za mchepuo wa Kiingereza, lango la uongozi ni Kiingereza chenyewe, na nimeona walimu hodari wa hisabati wakipitwa na wenye lafudhi nzuri. Shule za kimataifa za Kisongo na kwingineko zina semina za mitaala ya nje ambazo ni za kiwango cha juu kweli, ingawa Mtanzania huzifikia mara nyingi akitokea nafasi ya msaidizi.

Mfano unaostahili kutazamwa kwa utulivu ni St Jude, iliyoanzishwa mwaka 2002 na Mwaustralia Gemma Sisia ikiwa na watoto 3 na leo ikisomesha bure wanafunzi zaidi ya 1,800 wa familia maskini, kutoka Moshono hadi Usa River. Wengi huisifu kwa majengo na mabasi. Kwangu somo lake kubwa liko kwingine: wahitimu wake wa Kidato cha Sita hupewa nafasi ya kutoa huduma ya mwaka mmoja kabla ya chuo, na wengi hupelekwa kufundisha kwa kujitolea katika shule za serikali zenye upungufu wa walimu, hasa wa sayansi na hisabati. Kijana wa miaka 20 anaingia ofisi ya walimu, anasema shikamoo mara kumi, anapewa chaki. Kwa shule inayompokea, swali ni nani amlee. Mwalimu mkongwe anayepewa kazi ya kumlea mgeni anapata, kwa mara ya kwanza, uongozi unaohusu ufundishaji wenyewe. Shule nyingi hazimpi mtu kazi hiyo. Mgeni anaonyeshwa meza na ratiba.

Nje ya hapa, Singapore tangu 2001 imewapa walimu njia tatu za kupanda: ya kufundisha, ya uongozi, na ya utaalamu, ili mtu aweze kufika juu kwa heshima na mshahara akiwa bado na darasa. Nchi ile ni ndogo na tajiri, sidai tuinakili. Jirani zetu Kenya wana mwongozo wa kupanda vyeo wa mwaka 2018, na mwaka 2021 walipotangaza mafunzo endelevu ya lazima, walimu waligomea ada ya shilingi 6,000 za Kenya kwa mwaka iliyotakiwa itoke mfukoni mwao. Sisi tuna sheria ya mwaka 2018 ya bodi ya kitaaluma ya walimu, nayo ilipopita ilizua manung'uniko yaleyale kuhusu usajili na ada. Mwalimu wa Afrika Mashariki ameshajifunza kwamba neno "kuendelezwa" huja na risiti, na risiti ni yake.

Haja ya haraka inakuja na kalenda. Chini ya sera mpya, elimu ya msingi inakuwa miaka 6, na mwaka 2027 Darasa la Sita na la Saba watamaliza pamoja. Januari 2028 mikupuo miwili itabisha hodi Kidato cha Kwanza. Halmashauri ya Jiji, ya Arusha na ya Meru zitahitaji madarasa, ndiyo, na watu wanaelewa madarasa kwa sababu yanapigwa picha. Zitahitaji pia wakuu wa idara, wataaluma na walezi wa walimu wapya, na hao hawajengwi kwa force account. Wanatakiwa wawe wanaandaliwa sasa: makamu anayekaa kwenye kikao cha bajeti, mtaaluma anayelipwa hata nusu ya posho ya kiti, mwezeshaji wa jumuiya anayepunguziwa vipindi viwili kwa wiki na kuandikiwa barua yenye mhuri. Mengi ya haya hayahitaji Dodoma. Mhuri upo kwenye droo ya mkuu.

Pale juu ya Tengeru, muhula uliofuata, wadhibiti ubora walifika. Walikuwa watu wa adabu, waliuliza vizuri. Waliomba kitabu cha jumuiya ya kujifunza, kaunta buku lenye jalada la plastiki, wakahesabu vikao, wakalinganisha saini na orodha ya walimu, wakaandika kwamba MEWAKA inatekelezwa kwa kiwango kizuri. Kwenye ukurasa wa ile Alhamisi, chini ya "mada", paliandikwa kutoa kwa kukopa. Chini ya "maazimio" paliandikwa walimu watumie zana. Jina la aliyegundua sheria ya watoto halikuwamo. Yeye wakati huo alikuwa Darasa la Pili, dirisha wazi, na hadi ofisini ulisikika mlio wa visoda vikimwagwa juu ya dawati.